Taka, makombo, chakavu: Majina ya vitu vilivyotupwa na uzito wake Eastlands

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Jericho na Buruburu hadi Umoja, Kayole na Dandora, kitu kimoja huweza kubadilishwa jina mara kadhaa kabla hakijafika mwisho wa safari yake. Mkebe wa mafuta ya kupikia ukiwa jikoni ni mkebe. Mafuta yakiisha na mkebe ukatiwa guniani pamoja na maganda ya viazi, huitwa taka. Ukiokotwa na kufikishwa kwa mnunuzi wa Kariobangi, huwa chuma chakavu. Na ukiangukia mikononi mwa fundi wa jua kali pale Kamukunji, huenda ukarejea madukani ukiwa koroboi ya kumulikia nyumba isiyo na umeme. Bati ni lile lile. Kilichobadilika ni jina, na pamoja na jina hilo, bei.

Mabadiliko haya si mchezo wa maneno. Jina ndilo huamua kitu kiende wapi, nani ana ruhusa ya kukigusa na iwapo mtu atalipwa kwa kukibeba au atalipia kibebwe. Hata hivyo, watangazaji, watafsiri na hata walimu wengi hutosheka na neno moja tu, taka, kwa kila kitu kilichotupwa. Lugha yenyewe haina umaskini huo.

Tuanze na taka lenyewe. Neno hili lina tabia ya kipekee ya kukataa kuhesabiwa. Hakuna asemaye "taka moja" au "taka tatu". Husemwa gunia moja la taka, lori tatu za taka. Kitu kikishaingia humo hupoteza umbo lake na kuwa sehemu ya rundo. Chupa iliyokuwa moja, kopo lililokuwa moja na kiatu kilichokuwa kimoja, vyote humezwa. Mnunuzi anapokuja ndipo vitu hivyo hurejeshewa ngeli zake: chupa mbili, makopo manane, kilo tano za vyuma.

Takataka ni taka iliyorudiwa, na urudiaji huo una maana yake. Ni vitu vya namna namna, vidogo vidogo, ambavyo mtu hakujishughulisha kuvitaja kimoja kimoja. Ndiyo sababu neno hili huwa tayari kutumika kama dharau. Maneno ya mtu huweza kuitwa takataka, bidhaa duni ikaitwa takataka, na mtu mwenyewe akatukanwa kwa neno hilo hilo. Taka haina sumu hiyo kwa kiwango hicho. Maji taka, kwa mfano, ni istilahi tulivu ya kiofisi. Maji ya vyoo na mabafu ya jiji husafiri kwa mabomba hadi kwenye mabwawa ya kuyasafisha huko Ruai, na hakuna mhandisi anayeona haya kuyaita hivyo. Angeyaita maji takataka, watu wangemcheka.

Ajabu moja ya kamusi ni kwamba anayetafuta taka hukutana papo hapo na majirani wasiotarajiwa: takata, yaani kuwa safi, takasa, yaani kusafisha, na takatifu. Neno la uchafu na neno la utukufu hukaa kurasa mbili tatu kutoka kwa mwenzake.

Uchafu nao huchanganywa na taka kila siku, ingawa tofauti yake ni kubwa. Uchafu ni hali, taka ni kitu. Shati chafu halitupwi, hufuliwa. Sakafu chafu hupigwa deki. Kwa upande mwingine, boksi jipya la viatu lililotupwa uani likiwa safi kabisa ni taka bila kuwa chafu hata kidogo. Tangazo linalosema kwamba wakazi wajitokeze "kuzoa uchafu" linaeleweka, lakini limeteleza: uchafu huondolewa, taka huzolewa. Mtelezo huu una madhara. Mtu aliyezoea kuamini kwamba kila kilichotupwa ni uchafu hatakubali kukigusa ili akitenge, na atamwona anayekigusa kuwa mchafu pia.

Jikoni ndiko Kiswahili kinakojionyesha kuwa na macho makali. Kinachobaki baada ya watu kula ni makombo, na neno hilo linabeba ndani yake habari kwamba kuna mtu aliyekwisha kula hapo. Kumpa mgeni makombo ni tusi. Chakula kilicholala na kuhifadhiwa hadi asubuhi ni kiporo, na hicho si cha kutupwa hata kidogo. Katika nyumba nyingi za Eastlands kiporo cha ugali au cha pure ndicho kinachowatangulia watoto shuleni. Masazo ni kile kilichosazwa kwa sababu kilikuwa kingi, na ndiyo maana husemwa kwamba watu fulani walikula na kusaza, kauli ya neema wala si ya uharibifu. Sahani ni ile ile na wali ni ule ule, ila mtazamo umetofautiana.

Kabla ya chakula kuiva kuna orodha nyingine ndefu. Nafaka ikipepetwa huacha makapi na pumba. Nazi ikikunwa na kukamuliwa tui huacha machicha. Ganda lake gumu ni kifuu, na nyuzi za nje ni makumbi. Mbegu za ufuta au alizeti zikikamuliwa mafuta huacha mashudu. Si bure kwamba maneno haya yote yametoka katika jamii za wakulima na za pwani, ambako karibu kila kimoja kilikuwa na kazi: makumbi husokotwa kamba, kifuu huwa upawa au kuni, mashudu na pumba hulishwa mifugo. Jina mahususi lilidumu kwa sababu matumizi mahususi yalidumu. Katika jiji la vyumba vya kupanga, asiyefuga ng'ombe wala kusokota kamba huviita vyote taka, na baada ya muda kidogo mtoto wake hatajua kwamba viliwahi kuwa na majina.

Kwa nguo, vyombo na mashine, lugha huuliza swali jingine: kitu kimefikaje hapo? Kikuukuu ni kilichozeeka kwa kupita miaka. Chakavu, kutokana na kitenzi chakaa, ni kilicholika kwa kutumiwa. Kibovu ni kilichoharibika, ama kwa kuoza ama kwa kuacha kufanya kazi. Redio inaweza kuwa mbovu ikiwa mpya, na kuukuu ikiwa bado inaimba. Wanunuzi wanaopita na mikokoteni mitaani wakitafuta vyuma, betri na redio mbovu huyajua haya vizuri kuliko wanafunzi wengi wa isimu, kwa maana bei hutegemea jibu.

Kuna uzee mwingine ambao lugha huuvulia kofia. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, haungeweza kuitwa Mji Chakavu, hata pale kuta zake zinapobanduka. Ukongwe ni umri wenye heshima. Vivyo hivyo mbacha, yaani mkeka uliochakaa, haukuachwa bila mtetezi: methali yaonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Kiambishi kile cha mwisho ndicho chenye uzito. Mkeka huo umelika, lakini bado ni wako.

Neno lililoficha asili yake kwa ustadi kuliko yote ni mitumba. Mtumba ni mzigo uliofungwa, robota. Nguo zilizovaliwa na kuachwa na watu wa Ulaya na Marekani hufika Gikomba zikiwa zimefungwa hivyo, na soko likazipa jina la kifurushi badala ya jina la hali yake. Mnunuzi hanunui nguo kuukuu wala nguo iliyotupwa na mtu asiyemjua; ananunua mtumba. Baada ya robota kufunguliwa, soko lenyewe huanza kuchambua upya: nguo bora kabisa huitwa kamera, na zile za mwisho zinazouzwa kwa bei ya kutupa huitwa fagia, kana kwamba zimefagiliwa kutoka chini. Kwa hiyo hata ndani ya kilichotupwa kuna kinachotupwa, na fagia isiyonunuliwa huishia kuwa taka ya Nairobi, ingawa ilianza kuwa taka ya mji mwingine ng'ambo.

Kiingereza nacho kina msururu wake wa maneno yanayofanana, na hapo ndipo wanafunzi na waandishi hutatizika. Mwingereza husema "rubbish" pale Mmarekani asemapo "garbage" au "trash". Kwa Mmarekani makini, "garbage" ni taka mbichi za jikoni, na "trash" ni kavu, kama vile karatasi na maboksi, ingawa wengi hawajali tena mpaka huo. Nairobi ilirithi Kiingereza cha Uingereza, lakini kwa jambo hili imehamia ng'ambo ya pili: vijana wanaozoa taka kwa ada ya kila mwezi huitwa kwa neno la Kimarekani.

Historia ya neno hilo "garbage" ingewafurahisha wachuuzi wa jioni wa Eastlands. Karne nyingi zilizopita lilimaanisha viungo vya ndani na sehemu za pembeni za kuku na wanyama wengine, yaani utumbo, vichwa na miguu. Polepole likasogea hadi likawa jina la kila kitu cha kutupwa. Sasa tazama vibanda vya Kayole au Dandora saa za jioni: vichwa na miguu ya kuku vinakaangwa, mutura inageuzwa juu ya makaa, na foleni imejipanga. Kilichowapa Waingereza jina la taka ndicho chakula kinachosubiriwa kwa hamu hapa. Pengine hakuna ithibati bora kuliko hii kwamba taka si aina ya kitu bali ni uamuzi wa mtu.

Maneno mengine ya Kiingereza yana safari kama hizo. "Junk" ilikuwa kamba kuukuu za merikebu, zilizokatwa vipande ili zitumiwe tena. "Scrap" ilianza kwa makombo ya chakula kabla ya kuwa jina la vyuma. "Litter" ilikuwa kitanda, kisha nyasi za kulalia mifugo, na sasa ni karatasi na maganda yaliyotapakaa barabarani. Hapo Kiswahili hakina neno moja, na ni heri kueleza kuliko kulazimisha. Neno gumu zaidi kwa mfasiri ni "waste", ambalo mizizi yake ni ya Kilatini yenye maana ya utupu na ukiwa. Linaweza kuwa taka, linaweza kuwa upotevu, ubadhirifu au hata ardhi kame. Mfasiri anayeandika taka kila anapoliona atajikuta amesema kwamba serikali imelaumiwa kwa "taka za fedha", kumbe iliyolaumiwa ni israfu.

Yapo maneno ambayo kosa lake huumiza. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka mtaani Huruma na kuua watu wapatao 50. Kwa siku kadhaa waokoaji walifukua vifusi kwa mashine na kwa mikono, na mtoto mchanga akatolewa akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu. Kifusi ni udongo, mawe na zege la kitu kilichobomoka. Hakuna mwandishi aliyeandika kwamba watu walikuwa wamenaswa kwenye taka, na hilo halikuwa suala la usahihi wa kamusi pekee. Kifusi kinakumbuka kwamba kilikuwa nyumba. Gofu pia hukumbuka, ila lenyewe bado limesimama, na likikaa vya kutosha hugeuka kuwa fahari: wageni hulipa kiingilio kuyaona magofu ya Gede karibu na Malindi.

Mahali taka zinapokusanywa huitwa jaa, na Watanzania hupenda kusema jalala. Jaa la Dandora lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970, kwenye shimo la machimbo ya mawe kandokando ya mto Nairobi. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Zaidi ya miaka 20 baadaye lilikuwa lingali likipokea malori ya jiji, huku maelfu ya watu wa Dandora, Korogocho na Kariobangi wakipata riziki juu yake. Neno jaa linafanana na kitenzi cha kujaa, na kwa Dandora mfanano huo umekuwa kejeli.

Wanaofanya kazi pale nao wamepewa majina, na hapa uchaguzi wa kitenzi una uzito mkubwa. Kuzoa ni kuchukua kwa wingi bila kubagua. Kuokota ni kupata kitu kimoja kilichoanguka, na kwa kawaida huambatana na bahati. Kuchambua ni kutenga kizuri na kibaya kwa ujuzi, kama mchele unavyochambuliwa. Ni kitenzi kile kile wanachotumia wahakiki wa fasihi na wachanganuzi wa siasa. Kuchokora ni kuchokoachokoa kwa kijiti au kidole, kama mtu anavyochokora meno. Kati ya vitenzi vinne, Nairobi ilichagua cha nne na kukibandika kwa watoto: chokoraa. Neno lililoeleza tendo limekuwa jina la mtu, na mtoto huendelea kuitwa hivyo hata siku ambayo hajagusa pipa lolote. Serikali ilipounda mfuko wa kuzirekebisha familia hizo mwaka 2003, ilitumia maneno ya utulivu zaidi, familia za mitaani. Mitaani kwenyewe, neno la zamani halijatoka.

Mtu anayetumia saa nane akitenga plastiki ngumu na laini, shaba na alumini, mifupa na vioo, anafanya uchambuzi kwa maana kamili ya neno. Kumwita mchambuzi wa taka si kumpamba.

Jambo lililo zito kupita yote Dandora linahusu neno dogo jingine. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako Gigiri upande wa pili wa jiji hilo hilo, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa wakati huo kuwa salama kimataifa. Kwa Kiswahili, risasi ni madini na risasi pia ni ile ya bunduki. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana risasi katika damu, bila neno madini kutangulia, ana haki ya kuduwaa. Madini hayo hayana harufu wala rangi ya kutisha. Hutoka katika betri, rangi na vifaa vya umeme vilivyochomwa, na hudhuru ubongo wa mtoto polepole.

Tofauti baina ya chakavu na taka sumu huonekana vyema katika mkasa wa Owino Uhuru, Mombasa. Betri kuukuu za magari ziliyeyushwa huko katika kiwanda kilichopakana na nyumba za watu ili kupata risasi. Kwa mfanyabiashara, zilikuwa chakavu zenye bei. Kwa wakazi waliougua, zilikuwa sumu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Chuma chakavu pekee kina sheria yake nchini, ya mwaka 2015, na mnamo Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo kwa muda baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na taifa kukosa umeme. Hapo tatizo lilikuwa kinyume: nguzo iliyokuwa bado nzima ilipewa jina la chakavu ili ipate kuuzwa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitengwe pale zinapozalishwa: zinazooza kando, zisizooza kando, na za hatari zisichanganywe nazo. Kwa maneno mengine, sheria inamtaka mwenye nyumba awe na angalau majina matatu pale alipokuwa na moja. Kwa anayejua kutofautisha makombo, maganda, chupa na betri mbovu, hilo si somo geni. Kikwazo kiko kwenye mazoea. Kwa miaka mingi madukani Eastlands mfuko wa plastiki uliitwa karatasi, na wapo wanaoendelea kuuita hivyo hata baada ya mifuko hiyo kupigwa marufuku Agosti 28, 2017. Ukiandika "karatasi" kwenye pipa, usishangae utakachokikuta ndani.

Katika ploti nyingi bado kuna pipa moja kwa nyumba zote. Panapotokea wapangaji walio makini wakatenga gunia la makombo na gunia la chupa, lori likifika magunia yote mawili hurushwa juu kwa pamoja na kushindiliwa. Kazi ya kuyatenganisha huanza upya Dandora, kwa mikono, na mchambuzi wa kule hulipwa kwa kilo.